Ubeti wa Pili

Mchungaji alitunga wimbo uliopigwa na kila redio, kisha akaukosea kanisani kila Jumapili. Kwenye ubeti wa pili sauti yake ilishuka mapema, na kwaya nzima ikaporomoka naye. Binti yake, mwalimu wa muziki, alimsihi mpaka akachoka.

“Mwanangu, wimbo ni wangu. Nitaukoseaje?”

Siku ya mazishi ya baba yake, binti ndiye aliyeongoza kwaya.

“Leo tunaimba sawasawa, jamani,” aliwaonya kabla ya ibada.

“Sawa, mwalimu,” akajibu babu wa besi. “Ila koo langu halijapata taarifa.”

Ubeti wa pili ukakaribia. Kwenye benchi la mbele, mama yake alikuwa amefumba macho. Kidevu chake kikaanza kushuka taratibu, kikiifuata sauti ya mumewe kwa mazoea.

Binti akakiona. Akavuta pumzi, akakosea.