Kanisa Lilipoombea Usukani

Kila asubuhi, Mungai na mkewe Ciku wakiwa wanavaa viatu vya kwenda kazini, Mama Mungai aliingia ndani ya pikapu kuukuu iliyoegeshwa uani, akauzungusha usukani kushoto, akauzungusha kulia, kisha akasema kwa sauti ya kufika sebuleni, "Bado. Mimi nitazeekea hapa."

Leo walikuwa wameshatoka, naye hajashuka garini, mlango mdogo wa geti ulipogongwa.

Alikuwa Wabuge, fundi wao. Kwa kawaida alikuja Jumamosi, Mungai akiwepo. Leo ilikuwa Jumatatu.

"Keti hapo hapo, Mama," alisema, akajiingiza chali chini ya gari. "Zungusha kidogo kidogo. Usisimame mpaka niseme."

Mama Mungai akazungusha. Kule chini, Wabuge aliweka kidole kwenye kiungo cha tairodi, kile chuma kinachosukuma gurudumu. Kiungo kikachezacheza kama jino bovu. Ni hicho tu. Alikijua tangu siku ya kwanza.

Tairodi mpya ilikuwa kwenye kisanduku chake cha spana tangu Februari, imefungwa kwa gazeti. Mungai mwenyewe ndiye aliyeinunua, halafu akamshika bega pale getini. "Usiifunge," alimwambia. "Kila Jumamosi tafuta sababu. Mama asijue." Wabuge alidhani ni mambo ya wiki mbili. Sasa mvua zilikuwa zimeanza.

Mama Mungai alikuja kutoka kijijini kwake, Ziwa, kuwasalimia tu, akiendesha mwenyewe gari hilo alilokuwa akipelekea maziwa sokoni tangu mumewe akiwa hai. Njiani likaanza kuyumba. Alisema atakaa hadi litengenezwe. Ciku alipotaja kumsindikiza stendi, alikataa: hawezi kuliacha gari la marehemu kwa watu.

Tangu hapo Wabuge alikuwa amesema spea inatoka Nairobi, imekuja ya saizi nyingine, muuzaji amefiwa. Mama hakumbishia hata mara moja. "Ni sawa, kijana wangu," alisema, akarudi kupalilia maharagwe aliyopanda kando ya ukuta. Ulikuwa ukuta mrefu, wenye vipande vya chupa juu yake, na geti kubwa lilifungwa kufuli mchana kutwa. Kila alipotoka pale, Wabuge alihisi ameacha mtu kifungoni.

Ya jana ndiyo iliyommaliza. Kanisani Mama Mungai alisimama, akawaomba waumini wauombee usukani wake, ili arudi Ziwa apande mahindi kama wenzake. Kanisa zima likafumba macho, likauombea usukani. Wabuge, kwenye kiti cha nyuma, alishindwa kusema amina.

"Umenyamaza huko chini," Mama alisema. "Umelala?"

"Silali, Mama. Nasikiliza."

"Ukiona ni ngumu, achana nayo. Mimi sikuharakishi."

"Leo sitoki hapa kabla haijapona."

Usukani ukasimama.

"Sijasema usimame, Mama."

Ukaanza tena, polepole.

Alimshusha Mama, akapandisha gari kwa jeki, akatoa tairodi mbovu, akafunga mpya, kisha akanyoosha magurudumu kwa kupima na kamba. Muda wote huo Mama alikuwa amesimama kwenye maharagwe yake, amempa mgongo fundi na gari lake.

"Jaribu sasa," Wabuge alimwita.

Mama aliingia, akawasha, akaenda hadi getini, akarudi nyuma, akaenda tena. Usukani ulitii kidole kimoja. Uso wake ulikunjamana, na Wabuge alipoona machozi yanamlengalenga, yake pia yalikuwa karibu.

"Mama, nenda," alisema dirishani. "Nenda kabla hawajarudi. Spea nilikuwa nayo kitambo. Ni Mungai aliniambia nisiifunge. Hakutaka uondoke. Nimekosa, unisamehe."

Mama Mungai alimkazia macho. "Mungai? Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Hakutumwa na mtu? Ciku je?"

"Ciku alikuwa hapo hapo, Mama. Ndiye aliyesema nifiche spea kwangu, usije ukaiona hapa."

Wabuge alikimbilia geti, akashika kufuli.

"Ufunguo wanao wao?"

Mama Mungai aliingiza mkono shingoni, akavuta uzi kutoka ndani ya sweta. Ufunguo ulikuwa unaning'inia hapo. Hakumpa. Alizima gari.

"Wabuge."

"Naam, Mama."

"Ile mbovu umeitupa?"

"Iko hapa, kwa gazeti."

"Irudishe." Alijifuta macho kwa ncha ya leso, na bega lake lilikuwa likitikisika kwa kicheko. "Na ukaze vizuri isianguke. Nilidhani gari likipona wataniaga. Mimi sitaki kwenda. Sijawahi kutaka."