Udongo wa Uhakika

Fundo halikuwa lake.

Careen alifunga mifuko yake ya sampuli kwa kamba ya nailoni, fundo moja. Mfuko alioukuta mezani asubuhi ya Jumamosi ulifungwa kwa katani, mafundo matatu, kama gunia la mahindi. Akaufungua. Jana alichota udongo wa kijivu. Huu ulikuwa mwekundu.

"Huu si udongo wangu," alisema.

"Wako?" Hironimus alicheka. "Una udongo wewe? Hata kiwanja huna!"

Hironimus ndiye aliyekuwa mkandarasi wa bweni la wasichana pale Mpitimbi, mtu wa tumbo kubwa na elimu ndogo, na vyote viwili alivionea fahari. Kwake, kupima udongo ilikuwa kazi iliyobuniwa kwa ajili ya watoto wa chuo wasioweza kushika koleo. Alimwita Careen Binti Tope mbele ya vibarua, na vibarua, kwa kuwa walitaka kuitwa tena kesho, walicheka.

Wiki iliyopita Careen alitumbukiza bonge la udongo wa kiwanja kile kwenye glasi ya maji, likamumunyuka. Akaandika kwamba msingi usimwagwe. Hironimus akapiga simu mjini kulalamika kwamba wameletewa msichana asiyejua kazi. Ndiyo maana leo Injinia Rosemary alikuja kushuhudia kipimo kikirudiwa. Udongo ukifaulu, zege litamwagwa Jumatatu, na Careen, aliyekuwa katika mwezi wa pili wa majaribio ya kazi, atarudi kwao Lusewa.

Mvua ilikuwa siku ya tatu, ikipiga bila huruma bati la kontena walilolifanya maabara. Hironimus alikaa na suruali yenye matope mekundu magotini, akimsimulia injinia habari za ghorofa lake la Songea mjini. Yeye na familia yake walihamia Pasaka. Ukoo wao wote haukuwa umewahi kuwa na ghorofa.

"Ila mafundi wa siku hizi wezi tu, Injinia. Mlango wa chumba cha watoto unakaza. Nimeurandisha mara mbili, bado unakaza. Na plasta imeanza kupasuka."

"Ulipima udongo kabla ya kujenga?"

"Nipime nini? Udongo mwekundu ule, sururu ilikuwa inadunda!"

Careen alimwonyesha injinia ile katani. "Shikamoo, Injinia. Mfuko huu umebadilishwa."

"Marahaba. Una ushahidi?"

Hakuwa nao. Lebo ilikuwa yake, mwandiko wake, saini yake. Kilichobadilika ni fundo na rangi, na hayo Hironimus angeyakana hata mbele ya padri.

"Pima, Binti Tope," Hironimus alisema. "Huo ni udongo wa uhakika."

Careen aliweka bonge kwenye kikaango, akawasha jiko la gesi, akalikausha. Lilikuwa gumu kama tofali la kuchoma. Nani aliwahi kusikia mtu anaiba sampuli mbaya ili aweke mbaya zaidi? Alijua bonge hili litafaulu, na alijua atasaini, na alijua wasichana mia mbili watalala juu ya saini yake.

Akalitumbukiza.

Lilikaa. Hironimus alikunja mikono tumboni akaanza kutabasamu. Kisha maji yakawa mekundu kandokando, bonge likalegea, likafumuka, na kabla injinia hajamaliza kufuta miwani yake, chini ya glasi ulibaki uji.

Rosemary aliinama akaitazama glasi.

"Huu ni mbaya kuliko ule wa kwanza," alisema. "Mkavu ni jiwe, ukilowa hauna kitu. Kwa mvua hii, ningekuta nyumba imejengwa juu yake, ningetoa watu kwanza, maswali baadaye."

Careen alimgeukia Hironimus, akisubiri tusi. Halikuja. Alikuwa ameinua uso, anasikiliza mvua kwenye bati. Akatoa simu mfukoni, ikamponyoka, akapiga magoti kuiokota.

"Mama Remmy," alisema, bado akiwa chini. "Watoto bado wamelala? Watoe nje. Acha kuniuliza, watoe sasa hivi. Mlango ukikaza, vunja."