Askari wa Matone

"Kwa mume wangu hakuna tone linalopotea," mke wa fundi cherehani alimwambia daktari wa macho kabla hata hajakaa vizuri. "Miezi minne sasa. Niulize mimi."

Daktari hakumuuliza. Alikuwa anatazama karatasi ya vipimo, na uso wake haukuwa wa kumpongeza mtu.

"Presha ya jicho la kushoto imepanda. Ikiendelea hivi, fundi atakuja kushona kwa kupapasa. Na nuru ikishaondoka, Mama, hakuna dawa ya kuirudisha."

Fundi akawa anachunguza viatu vyake kama nguo ya mteja.

Mkewe alijua maana yake. La kushoto ndilo jicho la kutungia uzi. Likizima hilo, cherehani nayo imezima.

"Haiwezekani," alisema. "Mimi nasimama pale."

Na kweli husimama. Kila jioni saa moja yuko mlango wa jikoni, mikono kiunoni, mumewe ameketi kwenye cherehani, amemwelekezea shavu moja. Ndiyo maana mumewe amembandika jina la Askari.

"Umenawa mikono?"

"Nimenawa, Askari."

"Vuta ngozi ya chini. Chupa isiguse jicho."

Tone linaanguka.

"Moja linatosha, usijimwagie. Fumba. Bana kona ya jicho, hapo karibu na pua."

Fundi hubana, ametulia kama anapigwa picha. Kisha hugeukia dirisha lililo wazi, penye mwanga, chupa mkononi, kumalizia jicho la pili, na Askari hurudi kwenye sufuria yake, moyo mweupe.

"Chupa inaisha kwa wakati?" daktari aliuliza.

"Siku ileile. Ningejua."

"Inawasha?"

"Kidogo tu," fundi alijibu. "Ila inaleta ukungu, na wateja hawasubiri."

"Wateja hao hao ndio wanaomsifu," mkewe alidakia. "Juzijuzi kuna mmoja alisimama mlangoni kwangu pale jikoni, akamwangalia, eti fundi siku hizi ana jicho la mahaba. Gauni lake lilikaa siku tano bila vifungo. Sikumwambia fundi alishone, wala sikumwambia asilishone."

Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mlangoni kwako ni upande gani wa fundi?"

"Wa kulia."

Fundi alikohoa. Alikumbuka ghafla kwamba ana suruali ya mtu mezani, akaanza kuinuka.

"Kaa, Baba," daktari alisema, akavuta taa karibu. "Hii dawa yenu, Mama, ina tabia moja: hurefusha kope. Njoo umtazame mwenyewe. Safari hii kwa mbele."

Mkewe aliinama chini ya taa. Kope za kulia zilikuwa nyeusi, nene, zimejikunja kama za mwanasesere.

Za kushoto zilikuwa zilezile za siku ya harusi yao.