Oili Nyepesi ya Gachau

"Mwaga yote," Gachau alisema.

Mbaluka alitoka chini ya gari akamtazama kama mtu aliyetukaniwa kazi yake. Oili aliyoambiwa aimwage alikuwa ameitia mwenyewe Jumatatu. Ilikuwa nzito na safi, bado ina rangi ya asali.

"Boss, hii gari ni ya eighty-four. Injini imezeeka, inataka oili nzito. Hiyo nyepesi umebeba ni ya magari za juzi."

"Nirudishie vile ilikuwa."

"Vile ilikuwa ilikuwa makosa! Mimi nilikusaidia tu."

Gachau alihisi damu ikimpanda kichwani. Siku hizi Ruiru nzima ni madaktari wa oili. Muuza vipuri alikuwa karibu kukataa kumuuzia ile nyepesi. Jirani yake wa Membley alisimamisha gari getini ili amsomeshe. Hata mchungaji, alipopiga simu kuuliza hali ya mama, alimaliza maombi kwa kushauri oili nzito. Na Gachau, karani wa bima asiyejua kufungua hata boneti vizuri, angewajibu nini? Gari lenyewe alikuwa amelirithi kwa baba yake, waliyemzika mwaka juzi na ambaye siku zote alilitia oili nyepesi, na watu walisema amerithi na kichwa kigumu cha mzee.

Simu ililia. Alikuwa dada yake, Wangechi, anayemtunza mama yao kule Ngoingwa.

"Gachau, mama amekataa chakula tena. Tangu juzi ni chai tu, na hata hiyo anaitema. Unakuja?"

"Nakuja na gari."

"Jana si ulikuja nayo? Alikaa tu kwa kiti, hata hakujua umefika."

"Najua, Wangechi! Najua! Niko kwa fundi."

Alikata simu akajichukia kwa kumfokea. Mama yao alikuwa akiisha mbele ya macho yao, na yeye yuko gereji akibishana juu ya oili.

Mbaluka alikuwa amesikia yote. Sauti yake ikalegea.

"Pole, boss. Kama ni mama, chukua Probox yangu umpeleke hosi. Hii tutaangalia kesho."

"Probox haitanisaidia."

"Basi panda boda ufike haraka."

"Mbaluka, kwani unanisikia? Mwaga hiyo oili!"

Mbaluka akaimwaga. Aliimwaga huku akinung'unika kwa Kikamba, akatia ile nyepesi, akafunga boneti kwa kishindo. Injini ikikufa, alisema, asiletewe maiti. Gachau aliondoka bila kumpa hata asante. Angemwomba msamaha siku nyingine, leo hakuwa na nafasi ya adabu.

Walipokuwa wakibishana jua lilikuwa limeanza kushuka, na barabara ya Thika ilikuwa imejaa watu wa kutoka kazini. Gachau alipiga honi, akapenya, akatukanwa, naye akatukana. Alipopita Juja oili ilikuwa imeshapata moto. Hapo kelele ya zamani ikaanza, vyuma vikigongana ndani ya injini kama masufuria yanayoporomoka ngazini. Dereva wa lori alimchungulia kutoka juu akatikisa kichwa. Mbaluka alikuwa amesema kweli, na muuza vipuri, na jirani, na mchungaji pia.

Gachau akakanyaga mafuta.

Alipofika Ngoingwa alisimama nje ya geti la mama yake. Hakuzima injini wala hakushuka. Alikaa kwenye usukani huku gari likigonga na kutoa moshi hadi majirani wakafunga madirisha. Alitaka kulia kwa hasira na uchovu. Kama na hili halitasaidia, hakuwa na jambo lingine la kujaribu.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, sauti ya mama yake ilisikika mpaka barabarani, yenye nguvu na ukali wake wa zamani:

"Wangechi! Wee Wangechi! Pakua sahani mbili. Baba Gachau amefika."