Jiwe la Kumalizia

Wembe wa Kijapani ulikwisha kunolewa tangu alfajiri. Kilichobaki ni kuchagua jiwe la kumalizia, lile la kuyalainisha makali, na kinyozi Faki hakutaka kukosea. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa ametimiza siku saba, na nywele za kuzaliwa zilikuwa zinangoja kunyolewa.

Akaupitisha wembe kwenye jiwe jeupe, jipya, akajinyoa mkono wa kushoto. Vinyweleo vyote viliondoka, lakini ngozi ikawasha. Akajaribu la kijani kwenye mkono wa kulia. Ikawasha vilevile.

Akainuka, akaliokota jiwe jeusi kuukuu lililokuwa likizuia mlango usijibamize. Akaliosha, akaupitisha wembe taratibu, mara ishirini.

"Baba, mikono yote miwili umeimaliza," akasema binti yake Raya, mtoto kampakata. "Sasa utajaribu wapi?"

Faki akajitazama mikono, akacheka.

"Jaribu kwangu," Raya akasema. Akanyoosha mkono, akageuza uso pembeni na kufumba macho.

Akangoja.

"Mbona huanzi?"

"Nimeshamaliza, mwanangu."

Raya akafumbua macho. Vinyweleo vyake vilikuwa vimelala juu ya wembe. Akajipapasa mkono, kisha akamsogeza mtoto.

Faki akazilowesha nywele kwa maji ya uvuguvugu. Wembe ulipokaribia utosi, mtoto akapiga mwayo mrefu. Babu akausimamisha mkono hewani, akingoja mwayo upite.