Nukta Mbili za Rangi ya Kucha

Kompyuta kuukuu ya Zamda iligoma kuwaka asubuhi ile. Ililia mara tatu, kioo kikabaki cheusi tii. Akamwita shoga yake Mwajabu, maana mtaa mzima hakuna aliyezijua mashine hizo kama yeye.

Mwajabu alikuja mbio. Yake mwenyewe ilikuwa imekufa tangu mwizi alipoingia dukani kwake, akachomoa memori tu, kile kijibao chembamba cha kumbukumbu, na kuacha vingine vyote. Wateja wake wa kuchapisha barua na kadi za harusi wakahamia kwa Zamda, na siku ile ya wizi Zamda ndiye aliyelia kuliko hata mwenye duka.

"Ikilia hivi, memori imelegea," alisema Mwajabu, akifungua ubavu wa mashine. "Lete ufutio niisugue."

"Ndiyo maana nakupenda, mwaya! Kwanza chai."

Mwajabu akaichomoa memori na kuigeuza. Upande wa nyuma wa kijibao hicho, pembeni, zilikuwapo nukta mbili nyekundu za rangi ya kucha, zilezile ambazo yeye Mwajabu alitia kwenye vitu vyake, hata sufuria zote, ili zikiazimwa shughulini zijue njia ya kurudi nyumbani.

Zamda alikuwa amempa mgongo, anamimina chai huku akisimulia nani kaachika. "Umeliona tatizo, shoga?"

"Nimeliona."

Akaisugua ile memori taratibu mpaka meno ya shaba ya kijibao yakang'aa, bila kuzigusa nukta. Kisha akailaza kwenye kisahani kitupu, nukta zikitazama juu, akasubiri Zamda ageuke.