Viatu vya Mumbe

Sokoni Voi walisema viatu vya baiskeli za mbio hujifunga kwenye pedali, ukianguka unaanguka nayo. Maneno hayo yalikataa kunitoka kichwani.

"Mum, usije kunisimamia barabarani," binti yangu Mumbe aliniambia asubuhi ile akivaa viatu hivyo, siku yake ya kwanza kuendesha baiskeli na wazoefu.

Nilienda tu, nikasimama njia ya Mwatate. Wakapita kwa kasi, yeye wa mwisho, lori likimfuata.

"Mumbe, lori!" nikaita.

Akageuka kunitazama, akashika breki. Akazungusha kisigino atoe mguu, akazungusha tena. Kiatu hakikuachia, akaanguka na baiskeli mbele ya lori.

Usivae viatu hivyo siku ya kwanza. Usishike breki kabla mguu haujatoka. Na wewe mama, ukimwona barabarani, usimwite.